Mama Dercio Wawili

Mume wangu Arsenio hatangulii njiani. Tukienda shamba, mimi mbele. Tukienda kanisani, mimi mbele. Hata foleni ya zahanati atasubiri watu wote wapite ndipo ashike mkia. Mwanzoni nilidhani ni heshima, nikawaringia wenzangu kwamba nimempata mwanaume anayejua kumpisha mwanamke. Nilipomzoea nikaona hampishi mtu. Hataki tu kuwa na mtu nyuma yake. Ukimpitia mgongoni akiwa anakula, tonge linasimama mkononi.

Jumamosi ile ya mwezi wa sita, tulipotoka Mahurunga kwenda Mtwara mjini kumsalimia mama mkubwa Graca, alifanya vilevile. Alisimama kando ya gari na mfuko wa ming'oko, viazi vya porini, begani, akisubiri nitangulie kupanda. Mtoto wetu wa miezi mitano alikuwa mgongoni kwangu. Alimtazama baba yake, kisha akatazama juu ya bega la baba yake, mahali ambapo hapakuwa na mtu, akacheka.

"Anamcheka nani?" nikauliza.

"Panda gari, Vania."

Vania ndilo jina langu, ingawa tangu nizae ni yeye peke yake anayeniita hivyo. Mahurunga nzima wananiita kwa jina la mwanangu, kama ilivyo desturi. Na jina hilo la mwanangu ndilo lililotupeleka mjini.

Mtoto alizaliwa mzima, kilo tatu na ushee. Siku ya tisa akaanza kulia. Jua likishuka tu, analia mpaka sauti inakauka, na titi halitaki. Zahanati walimpima, wakampa dawa, wakasema hawaoni ugonjwa. Wiki ya tano alikuwa na uzito mdogo kuliko siku niliyomzaa. Nikimbeba nilikuwa naogopa kutazama, kwa sababu mgongo wangu haukuhisi kitu.

Mama mkwe wangu, mama Celia, akasema walivyokuwa wakisema wazee wake waliotoka ng'ambo ya Ruvuma: mtoto analilia jina. Kuna marehemu wa ukoo anataka kurudi kwa jina lake, naye asipopewa atamwondoa mtoto. Jioni hiyo akaniketisha mkekani, akaniambia nimweke mtoto kwenye titi, akaanza kuwataja wafu wa ukoo mmoja mmoja. Jina litakalokubalika, mtoto atanyonya. Akamtaja Lourenco, marehemu mume wa dada yake Graca. Mtoto akalia. Akamtaja baba mkwe wangu Paulo. Mtoto akalia. Majina saba yalikwisha, na yeye bado analia. Arsenio alikuwa amesimama mlangoni, mgongo ameuegemeza ukutani.

"Jaribuni Dercio," akasema.

Mama mkwe aligeuka. "Dercio hajafa."

"Jaribuni tu."

"Arsenio, jina la mtu aliye hai halirithiwi. Ni kumchimbia kaburi."

"Jaribu, mama. Nakuomba."

Mama mkwe akalitaja kwa sauti ya chini. Mtoto akashika titi, akanyonya mpaka akalala na maziwa yakimtoka pembeni mwa mdomo. Tangu siku hiyo hakulia tena, akanenepa. Nami sikumuuliza mume wangu neno. Ningeuliza nini, na mtoto ananyonya?

Dercio ni mtoto wa pekee wa mama mkubwa Graca. Yeye na Arsenio walikua pamoja, wakaenda pamoja Palma, ng'ambo ya Ruvuma, kutafuta kazi ya ujenzi, na mwaka ule vita ilipowafukuza watu huko walikimbia pamoja. Arsenio alivuka mto, Dercio hakuvuka. Mama mkubwa alikuwa ametoka mjini akakaa ukingoni siku nne, akiwatazama wanaoshuka kwenye mitumbwi, na ndiye aliyemwona Arsenio kwanza. Akamuuliza, mwenzio yuko wapi? Arsenio akamjibu, yuko nyuma yangu, anakuja. Huu ulikuwa mwaka wa nne mama mkubwa anamsubiri.

Sasa padri alikuwa aje kubatiza Jumapili ya pili inayofuata, na jina la mtoto lilikuwa liandikwe kwenye kitabu cha kanisa. Mama mkwe akagoma. Hawezi kuliandika jina la mwana wa dada yake, naye dada hajui. Kwenye simu alikuwa akimwambia kwamba mjukuu tunamwita Baba tu. "Mpelekeni mtoto," akatuambia. "Jumapili baada ya misa mwelezeni taratibu. Akilikubali, sawa. Akilikataa, jina linarudi kwake." Alisema hivyo akinitazama mimi. Nikaitikia kwa adabu, lakini moyoni nikajua siwezi kulirudisha. Nilikuwa nimeshambeba mwanangu akiwa hana uzito, na sikuwa tayari kumbeba hivyo tena.

Mama mkubwa anakaa Chikongola, nyumba ya matofali yenye baraza pana anapobangulia korosho zake za kuuza. Mafuta ya maganda yamemchoma vidole miaka mingi, ni vyeusi mpaka kwenye kucha. Alipotuona aliinuka, lakini hakumgusa mtoto. Alikwenda kwanza uani akasugua mikono kwa majivu na sabuni, mara tatu, ndipo akaja ameinyoosha.

"Karibuni Ntwara. Nipe ntoto wangu, nkamwana."

Alimpakata, akamtazama kwa muda mrefu, akamnusa utosini. Nilipenda alivyomshika. Hilo ndilo lililoniumiza siku nzima, kwamba nilimpenda mama yule, na nilikuwa nimekuja nyumbani kwake na kisu.

Mchana alipakua ugali wa muhogo na samaki wa nazi. Tulikuwa watu wazima watatu, sahani zikawa nne. Ya nne ilikuwa ya bati, ya ukingo wa buluu. Aliijaza kama zile nyingine, akaifunika, akaiweka upande wa Arsenio.

"Ya Dercio hiyo," akaniambia, kama vile mwanawe ametoka kidogo kwenda dukani. Kisha akamgeukia Arsenio. "Hakuna habari?"

"Hakuna, mama mkubwa."

"Na zile kambi za wakimbizi za huko Nampula?"

"Niliuliza. Bado hawajaniambia."

Maneno hayo niliyasikia kila mwisho wa mwezi kwenye simu, nikayaona ni huruma ya mume wangu kwa mzazi. Siku hiyo nilimwona akiyasema bila kuinua macho kutoka kwenye ile sahani. Mtoto alikuwa kwenye mapaja ya mama mkubwa, ametazama nyuma ya baba yake, ukutani, na anatabasamu.

Mama mkubwa alituonyesha nyumba. Sebuleni ndipo tungelala. Kulikuwa na chumba kingine, lakini hicho, alisema, kina mwenyewe. Alikifungua kwa ufunguo aliouning'iniza shingoni, tukatazama tukiwa mlangoni. Kitanda kimetandikwa, viatu viwili viko chini yake, sakafu imefagiliwa asubuhi hiyo. Hakukunuka uvundo wa chumba kilichofungwa. Kilinukia sabuni ya mtu aliyetoka kuoga. Nikarudi nyuma nikamkanyaga Arsenio, naye akashtuka kuliko mimi.

Alasiri tulikaa barazani. Mama mkubwa alimaliza korosho zake, akasugua tena mikono, akamchukua mtoto. Mimi nilikuwa nachagua mchele. Nilikuwa nimejichunga tangu asubuhi: Baba, njoo Baba, Baba kajikojolea. Nikawa nimeanza kuona kwamba tutaifikia Jumapili salama. Hapo jirani yake mmoja, mama Faraji, akaja getini kuazima kinu.

"Mama Dercio!" akaita.

"Abee!" tukaitika.

Sauti mbili, kwa pamoja. Mama Faraji akacheka. "He! Leo mko wawili?"

Wanasema ulimi hauna mfupa. Wangu ungekuwa nao ningeuvunja pale pale. Mama mkubwa hakucheka. Alimwelekeza jirani kinu kilipo, akamngoja akichukue, akamwitikia kwaheri yake. Geti lilipofungwa ndipo akanigeukia.

"Wewe ni mama wa nani?"

Nilimtazama Arsenio. Arsenio alitazama miguu yake.

"Nakuuliza wewe, nkamwana. Wewe ni mama wa nani?"

"Wa Dercio," nikasema.

Aliendelea kumshika mtoto vizuri vilevile, na sauti yake haikupanda. Afadhali angenipigia kelele.

"Nani alinzika mwanangu?" akauliza. "Nitajieni ntu mmoja aliyeliona kaburi. Hakuna. Arsenio, mama yako anajua jina la aliye hai haliguswi. Mmekaa huko Mahurunga mkamuua mwanangu, halafu mmekuja kula chakula changu."

"Mama mkubwa, mtoto alikuwa anakufa," nikasema.

"Wangu je?"

Akamwinua mtoto usawa wa uso wake. "Huyu ni Lourenco. Mume wangu ana kaburi, nalifagia mwenyewe. Jina hilo ni halali yenu, lichukueni. La mwanangu nirudishieni leo."

"Hilo la Lourenco lilijaribiwa. Alilikataa," nikasema.

"Atalizoea. Na msinitajie lile lingine ndani ya nyumba hii. Atakayentaja, asilale hapa."

Jua likashuka. Nilikuwa nimeketi sebuleni na mtoto mapajani, nikijua kinachokuja, na kikaja. Kilikuwa kilio kile kile cha wiki zile, cha kutoka tumboni, cha mtu mzima kuliko cha mtoto. Nikampa titi, akageuza uso. Nikasimama, nikatembea naye, nikamwimbia. Mama mkubwa alinifuata hatua kwa hatua akimwita, Lourenco, Lourenco, nyamaza babu yangu, na kila akiitwa hivyo mtoto alijikunja akalia zaidi. Nikamwita Baba, ikawa kazi bure. Mdomo ulianza kumkauka. Jina lile lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Nilitamani kulitamka, nikamwona mama mkubwa ameushika ule ufunguo shingoni kwa mikono miwili, nikashindwa.

Arsenio alikuwa amekaa kwenye kona, mgongo ukutani, amejiziba masikio.

Niseme kweli, hasira ndiyo iliyonisaidia. Kumwona mwanaume mzima amejiziba masikio, na wanawake wawili wanagombania mtoto, kuliniwasha. Na hasira iliponipanda nikaona kitu nilichokuwa nimekataa kukiona kwa miezi minne.

"Arsenio," nikasema. "Wewe ndiye uliyelitaja. Mama yako alikataa, ukamwomba. Ulijuaje?"

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kimya cha mume wangu nilikuwa nimekaa nacho miaka mitatu nikakiita upole.

"Ulijuaje?" nikapaza sauti, juu ya kilio cha mtoto.

Mama mkubwa alisimama. "Alilitaja nani?"

"Yeye. Wafu wote walikuwa wameshatajwa. Yeye akasema tujaribu la ndugu yake."

Mama mkubwa alimwendea, akapiga magoti mbele yake, akamwondoa mikono masikioni kwa vile vidole vyeusi. Arsenio alianza kusema akimtazama kifuani, penye ufunguo.

"Alipigwa risasi ya ubavu siku ya kwanza. Hakulia. Tulitembea usiku, mchana tunalala kwenye vichaka. Nilimshika mkono, baadaye nikambeba mgongoni. Siku ya tatu asubuhi tukafika kwenye matete, upande wa huku tunauona. Dercio akaomba maji."

Mtoto alinyamaza. Hakupunguza kilio kwanza, wala hakufanya kwikwi. Alinyamaza, akageuza kichwa akamtazama baba yake, na chumba chote kikawa kinamsikiliza Arsenio.

"Nilimchotea ya mto kwa mfuniko wa sufuria. Bahari ilikuwa imepanda mtoni. Akaonja, akasema, 'Yana chumvi. Basi tumefika.' Akalaza kichwa hapa." Alijigusa begani. "Nilimzika kwa mfuniko ule ule. Shimo la kwanza liliingia maji. Nikachimba la pili, juu kidogo, penye mkoko mkubwa."

"Ulinlaza uso kuelekea wapi?" mama mkubwa akauliza.

"Huku. Kwako."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilivuka ili nikuambie. Nikashuka kwenye mtumbwi nikakukuta umesimama, ukaniuliza mwenzangu yuko wapi. Mdomo ukasema yuko nyuma yangu. Ukafurahi, mama mkubwa. Ukanipita mbio kwenda kumpokea." Alikuwa analia sasa. "Basi tangu siku ile yuko nyuma yangu. Nikigeuka hayupo. Nikitembea yupo."

Mtoto alilitafuta titi mwenyewe, nikampa, na mlio wake wa kunyonya ndio pekee uliosikika ndani ya nyumba. Mama mkubwa aliinuka kwa shida, akaenda mezani, akaichukua ile sahani ya ukingo wa buluu. Akaifunua. Chakula cha mchana kilikuwa kimepoa, mchuzi umeganda. Akaiweka mbele ya Arsenio.

"Sijakusamehe," akasema. "Kula."

Alikula chote, mpaka miiba akainyonya, na machozi yakimdondokea sahanini. Mama mkubwa alisimama nyuma yake muda wote, na mkono wake akauweka mgongoni pake. Nilingoja tonge lisimame. Halikusimama. Alipomaliza, mama mkubwa aliivua ile kamba ya ufunguo, akakifungua chumba, akaviondoa viatu chini ya kitanda.

"Msilale chini na ntoto," akaniambia. "Humu."

Jumapili hakwenda misani. Nilimkuta uani amejifunga kitambaa cheusi kichwani, ile sahani ameiosha na kuifudikiza juu ya jiwe. Macho yalikuwa yamevimba. Alisema Jumamosi ijayo anaweka matanga, dada yake Celia aje na watu wote wa Mahurunga, na Arsenio asimame mbele ya watu aseme yote, asifiche hata lile la "anakuja". Kuhusu ubatizo hakusema neno, nami sikuthubutu kuuliza. Nilifunga vitu vyetu. Alijua sasa kwamba mwanawe ana kaburi. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kumwachia mtoto wa mwingine jina ulilompa wako ni kingine. Ningekuwa mimi, nisingelitoa.

Wakati wa kuondoka akasema anatusindikiza stendi. Alimchukua mtoto mikononi mwangu, akainama, akamweka mgongoni, akamfunga kwa kanga yake mwenyewe. Tukafika getini, na Arsenio akasimama pembeni kama kawaida yake, akingoja sisi tupite.

"Tangulia," mama mkubwa akamwambia.

"Piteni tu, mama mkubwa."

"Tangulia, nimesema. Nyuma yako tuko sisi."

Akatangulia. Kwa mara ya kwanza tangu anioe nilimwona mume wangu anavyotembea kwa nyuma. Kumbe anachechemea kidogo, mguu wa kushoto, kama mtu aliyewahi kubeba mzigo mzito akauzoea. Aligeuza shingo nusu, akairudisha. Baada ya nyumba mbili tatu hakugeuka tena. Mtoto alilaza shavu mgongoni kwa mama mkubwa, akafumba macho.

Tulikuwa hatujafika kona mama Faraji alipotoka barazani kwake, kinu kimekumbatiwa kifuani.

"Mama Dercio!" akaita.

Nilibana mdomo. Safari hii ningeung'ata ulimi ukatike kuliko kuitika. Nilimngoja mwenye jina. Mama mkubwa aliendelea kutembea, mikono nyuma, amemshikilia mtoto makalio.

"Mama Dercio, jamani! Kinu chenu!"

Mama mkubwa akasimama. Hakugeuka kumtazama jirani, wala mimi. Alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza fundo la kanga kifuani.

"Nkamwana," akasema, "huitiki? Unaitwa."

Nikaitika.